Darasa la kukaa kimya, Shangani: buku tano inalipa?

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Msimu ukianza Oktoba, simu hainipi nafasi hata ya kumeza tonge, ndiyo maana nikajiandikisha darasa hili la jioni hapa Mtwara. Buku tano kwa kipindi.

Wanafundisha zazeni, ukaaji wa Zen (tawi la dini ya Ubuddha) ambao mtawa Dogen aliueneza Japani karne ya 13. Unakaa mkekani, mgongo wima, macho nusu wazi yakitazama ukuta, unahesabu pumzi moja hadi kumi. Ukipotea, unaanza upya. Basi. Mwanzoni nilikuwa sivuki nne, kichwa kinajaa hesabu za magunia. Mwalimu hakemei, anasema tu, "Rudi moja, kaka." Kwangu hiyo ndiyo nidhamu, kuliko kelele za "amka saa kumi alfajiri utajirike".

Kasoro zipo. Mkeka wa ukindu bila mto, magoti yanalia, na dirisha linatazama kijiwe cha bodaboda. Halafu wanachelewa kuanza (darasa la nidhamu, jamani!). Anayetaka furaha ya papo kwa papo asijisumbue. Mimi sasa simu naiacha kwenye droo nikila, na mke wangu ameliona hilo. Asiyeweza kukunja miguu anapewa kiti. Nitalipia tena, ila mito wanunue.