Project Prakash: kazi huanza bendeji ikitoka

Kutoa mtoto wa jicho ni kazi ya chini ya saa moja, na hospitali nyingi zinaimudu. Kwa hiyo si haki kuipima Project Prakash kwa hesabu ya macho yaliyopasuliwa. Mradi huu ulianzishwa India na Pawan Sinha, mtafiti wa ubongo katika chuo cha MIT cha Marekani, na thamani yake iko kwenye majuma yanayofuata upasuaji.

Timu zake hupita vijijini kaskazini mwa India zikitafuta watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho wakakua bila tiba. Wanaofaa kupasuliwa hupelekwa Delhi na kuhudumiwa bure, baadhi yao wakiwa tayari vijana wa miaka 15 au 17. Kwa miaka mingi umri huo ulihesabiwa kuwa umechelewa mno, na wengi waliambiwa hakuna la kufanya. Mradi umeonyesha kuwa lipo, na kwa hilo pekee unastahili sifa kubwa.

Ila mzazi asitarajie mtoto afumbue macho na kuitambua sahani aliyoilia miaka yote. Katika jaribio la mradi lililochapishwa mwaka 2011, watoto 5 wa miaka 8 hadi 17 waliotoka kupasuliwa walipewa umbo walishike bila kuliona, kisha walichague kwa macho kati ya mawili. Kwa kushika na kushika tena walipata karibu yote. Kwa kuona na kuona tena, vivyo hivyo. Kutoka mkononi kwenda jichoni walipata kama asilimia 58 tu, karibu sawa na kubahatisha. Waliorudiwa kupimwa walikuwa wamepiga hatua kubwa, mmoja wao baada ya siku 5 tu. Mkono ulikuwa na maarifa yote. Jicho ndilo lilikuwa halijaunganishwa nao.

Tatizo la pili huchukua muda zaidi. Mtoto huona mabaka: doa la ng'ombe ni kitu kimoja, kivuli chake ni kitu kingine, na maumbo mawili yaliyopandiana huwa vipande vingi. Kinachomsaidia ni mwendo. Kitu kikisogea, vipande vyake husogea pamoja na ubongo huvihesabu kuwa kimoja. Hivyo usimwonyeshe kikombe kilichotulia mezani. Mpe akishike akikitazama, akigeuze, akisogeze mbele ya ukuta usio na mapambo, ndipo umuulize ni nini bila yeye kukigusa. Wala usimkataze kupapasa. Mkono ndio mwalimu wa jicho.

Si kila kitu hujifunzwa hivyo, na hili linashangaza: watoto 9 waliopimwa punde tu baada ya upasuaji walidanganyika, kama sisi, na mistari miwili yenye urefu sawa lakini yenye mishale tofauti nchani, wakauona mmoja mrefu zaidi.

Udhaifu upo, na mwingi hautokani na mradi. Waliokaa gizani miaka mingi hubaki na uoni hafifu, na macho ya wengi huendelea kuchezacheza. Kwa watoto wadogo utando wa nyuma ya lenzi huwa mweupe tena haraka, kwa hiyo daktari hutoboa sehemu yake siku ileile ya upasuaji. Kliniki zikikatizwa, hali hiyo au presha ya macho hugundulika ikiwa imeshaharibu.

Wazazi wa huku kwetu Tanzania wanaopeleka watoto hospitali za CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi waulize mapema juu ya miwani. Lenzi ya bandia inayowekwa wakati wa upasuaji haijirekebishi kutazama karibu, na jicho la mtoto bado linakua, hivyo namba ya miwani hubadilika. Jicho moja likiwa vivu, yaani ubongo haulitumii vya kutosha, lile zima hufunikwa saa kadhaa kwa siku, kwa muda atakaopanga daktari, na mtoto atalia sana majuma ya mwanzo.