Gereji ya Tabata Iliyotafuta Chanzo cha Taa Nyekundu ya Breki

Kwa miezi mitatu gari langu, saluni ndogo ya Kijapani ya mwaka 1999, lilikuwa likiwasha taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi, ile yenye duara na alama ya mshangao katikati, na katika muda huo nililipeleka kwenye gereji mbili hapa Dar es Salaam. Ya kwanza iliizima taa. Ya pili, iliyopo Tabata, ilitafuta kwa nini taa inawaka. Ninayoitathmini ni hiyo ya pili, lakini thamani ya kazi yake haiwezi kueleweka bila kusimulia kwanza nilikoanzia.

Taa ilianza kwa kumweka. Nilipokata kona ya kushoto, au nilipofunga breki kwa ghafla, iliwaka sekunde moja au mbili kisha ikazimika, na breki zenyewe zilikuwa zinashika vizuri. Katika gereji ya kwanza kijana alifungua boneti, akatazama kikopo cha mafuta ya breki, akaongeza mafuta hadi alama ya juu, na taa ikazimika papo hapo. Nililipa shilingi 10,000 nikaondoka nimeridhika. Hakuna tairi hata moja lililofunguliwa. Baada ya wiki saba taa ilirudi, na safari hii haikumweka, bali iliwaka moja kwa moja. Niliporudi niliambiwa kuwa swichi ya kikopo imechoka na kwamba dawa yake ni kuchomoa waya. Nilikataa, na ninamsihi kila mwenye gari la umri huu akatae pia. Yapo magari yanayotembea mjini huku waya huo umechomolewa au balbu imetolewa kwenye dashibodi, na aliyelinunua gari mkononi mwa mtu hana habari. Balbu unaweza kuipima mwenyewe: vuta hendibreki, washa swichi bila kuwasha injini, na taa lazima iwake. Waya wa kikopo nao utauona kwa macho ukifungua boneti, kwa kuwa umechomekwa kwenye kikopo chenyewe.

Gereji ya Tabata nilielekezwa na jirani. Ni uwanja wa wastani ulioezekwa nusu, wenye mafundi wanne na mzee mmoja anayewasimamia. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajagusa gari akaanza kuuliza. "Dada, taa hii ilianza kuwaka ukiwa unafanya nini? Ile ya njano ya ABS nayo inawaka? Kuna mtu aliyeongeza mafuta?" Nilipomjibu kwamba yaliongezwa wiki saba zilizopita, alinyamaza kidogo, akasema kuwa hapo ndipo penye jibu. Sijawahi kuulizwa maswali hayo mahali pengine. Fundi mwingine niliyempigia simu alitaka shilingi 30,000 za kupima gari kwa kompyuta kabla hata ya kuliona. Mzee alinieleza kuwa kwenye gari kama langu, ikiwa taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisikwame unapofunga breki ghafla) haiwaki, kompyuta haitakuta chochote, kwa sababu taa nyekundu inaendeshwa na swichi za kawaida tu zisizoacha kumbukumbu yoyote. Nyekundu na ya njano zikiwaka pamoja, hilo ni tatizo jingine na hapo kompyuta ina kazi.

Swichi zenyewe ni mbili. Moja ipo chini ya mkono wa hendibreki, nyingine imo ndani ya kikopo cha mafuta, ambako kuna boya lenye sumaku linaloshuka pamoja na mafuta na kufunga mkondo wa umeme yanapokaribia alama ya chini. Zote zinawasha taa ileile, kwa hiyo kwa kuitazama taa peke yake huwezi kujua ni ipi inayolalamika. Ndiyo maana pia taa humweka kwenye kona mafuta yanapokuwa yamepungua kidogo tu: mafuta huegemea upande mmoja, boya likashuka, kisha gari likinyooka boya hupanda tena. Mzee aliushusha mkono wa hendibreki hadi mwisho na kuutikisa, taa ikabaki vilevile. Akaenda kwenye boneti, akachomoa plagi ya kikopo, na taa ikazimika. Akaichomeka, ikawaka. Kazi hiyo haikuzidi dakika tano, haikuhitaji kifaa chochote, na ilithibitisha kuwa inayolalamika ni swichi ya kikopo; na kwa kuwa mafuta yalikuwa yameshuka, swichi iliyohukumiwa kuwa mbovu ilikuwa ikisema kweli.

"Sasa tuyatafute mafuta yalikokwenda," alisema, na akakataza yasiongezwe hata tone mpaka tairi zote nne zifunguliwe.

Hapa ndipo gereji hii inapozizidi nyingine. Mafuta ya breki hayachomwi kama petroli wala hayatumiki kama oili ya injini inayovuja kidogo kidogo kwa uzee. Yamo ndani ya mfumo uliofungwa, na yakipungua kwenye kikopo sababu ni mojawapo kati ya mbili. Ama pedi (vipande vinavyobana diski ya tairi) zimelika, pistoni za kalipa, kifaa kinachozisukuma pedi, zimesogea nje na mafuta yamejaza nafasi iliyoachwa, jambo ambalo ni la kawaida na huisha pedi mpya zikifungwa; ama kuna mahali panapovuja. Anayeongeza mafuta bila kufungua tairi anaizima taa katika hali zote mbili. Hata pale ambapo tatizo ni pedi tu, siku zitakapobadilishwa pistoni zitarudishwa ndani na mafuta yaliyozidi yatafurika kwenye kikopo na kumwagikia rangi ya gari na kuiharibu.

Pedi zangu za mbele zilikutwa na milimita 6. Mzee huzibadilisha zinapofikia milimita 3, hivyo akazirudisha na kuniambia nisinunue nyingine. Angeweza kuniuzia, nami nisingejua. Tairi za nyuma zina dramu, yaani ngoma ya chuma inayosimamishwa na breki shuu zinazoibana kutoka ndani, na dramu ya kulia ilipotolewa tulikiona chanzo: mpira wa wili silinda, silinda ndogo inayozisukuma shuu, ulipoinuliwa kwa ncha ya bisibisi mafuta yalichuruzika, na breki shuu zilikuwa zimelowa upande mmoja. Kushoto palikuwa pakavu, lakini mipira ilikuwa imepasuka. Alishauri wili silinda zote mbili zibadilishwe pamoja na breki shuu za pande zote mbili, kwa kuwa shuu iliyolowa mafuta haisafishiki, na ukibadilisha ya upande mmoja peke yake gari litavutwa upande mmoja unapofunga breki. Nilikwenda mwenyewe Ilala, Shaurimoyo, kununua vipuri, naye akanipa wili silinda ya zamani niende nayo ya kulinganishia.

Kuhusu mafuta, alisoma kwanza maandishi kwenye kifuniko cha kikopo, yanayosema DOT 3, yaani daraja la mafuta ya breki, akafungua chupa mpya mbele yangu na kuyatoa yale ya zamani, yaliyokuwa na rangi ya chai ya rangi. Wengi hulidharau jambo hili. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani, na hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha. Kwa viwango vinavyokubalika, DOT 3 mapya yasiyo na maji hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mjini huenda usione tofauti. Lakini mimi kila Desemba hupanda Lushoto kwa wakwe zangu, na kushuka kutoka huko hadi Mombo ni takriban kilomita 33 za kona zinazofuatana, ambako breki hupata moto kwelikweli. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kubadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo mno ukiiweka mbele ya hatari hiyo.

Upepo ulioingia ndani ya mabomba ya breki ulitolewa kuanzia tairi la mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedali), fundi mmoja akikanyaga pedali na mwingine akifungua na kufunga skrubu, kikopo kikijazwa kabla hakijakauka. Hendibreki, iliyokuwa ikipanda meno 11, baada ya marekebisho inashika kwenye la 7. Mwishoni mzee alichora mstari kwa kalamu kwenye kikopo, usawa wa mafuta, akaniagiza niutazame kila Jumamosi asubuhi injini ikiwa ya baridi. Gari liliingia saa nne asubuhi likatoka saa kumi jioni, na ufundi ulikuwa shilingi 50,000, bila vipuri.

Kuna mambo mawili ambayo gereji hii inapaswa kuyarekebisha, na nimeshamwambia mzee. La kwanza ni vumbi. Kijana aliyefungua dramu alilipuliza kwa upepo wa kompresa, likatimka usoni mwake na mwangu pia. Baadhi ya breki shuu za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Linapaswa kuloweshwa na kufutwa kwa kitambaa chenye maji, si kupulizwa, na vijana wale wapewe barakoa zinazofaa. Hili linanisumbua kuliko pesa yoyote niliyotumia. La pili ni karatasi. Sikupewa risiti wala orodha ya kazi iliyofanyika mpaka nilipoomba, na niliyopewa ilikuwa mistari miwili. Kazi nzuri kiasi kile ilistahili kuandikwa, ili fundi mwingine atakayelifungua gari baadaye ajue kilichobadilishwa na lini.

Pamoja na hayo, ninaipendekeza kwa yeyote mwenye gari la miaka hiyo. Fikeni kabla ya saa tatu, kwa kuwa baada ya hapo foleni huwa ndefu na mzee hakubali kuharakishwa anapofungua breki. Tangu siku ile zimepita wiki tisa, ikiwemo safari ya kwenda Lushoto na kurudi. Taa huwaka ninapovuta hendibreki na huzimika ninapoishusha, na Jumamosi iliyopita mafuta yalikuwa bado kwenye mstari wa kalamu.