Ziara ya mashapo ya kale: Kilwa, mkoani Lindi

Wageni wengi wa Kilwa Masoko huvuka kwenda Kisiwani kuyaona magofu, kisha hurejea zao. Mwongozaji tuliyemkodi anayo pia ziara ya bara, ya siku nzima, inayoelekea Stakishari, kijiji ambacho udongo wake wa mfinyanzi umewapa wanasayansi kumbukumbu adimu ya bahari ya kale. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo ziara bora zaidi anayoitoa.

Ubora wake umo katika maelezo. Alianza na kilindini: magamba ya chokaa ya foraminifera (viumbe wa baharini wenye seli moja), ambayo kwa kawaida hayafiki milimita moja, huzama viumbe hao wanapokufa na kurundikana sakafuni, lakini chini ya mita 4,500 hivi katika Pasifiki karibu yote huyeyuka, kwa kuwa maji ya huko ni baridi, yana mgandamizo mkubwa na yamebeba kaboni dayoksaidi nyingi. Mpaka huo hupanda na kushuka pamoja na tabianchi. Miaka milioni 56 iliyopita, kaboni nyingi ilipoingia angani na baharini, ulipanda, na ndiyo maana katika mashapo ya Atlantiki ya Kusini chokaa hukatizwa na tabaka la udongo mwekundu. Miaka milioni 34 iliyopita, barafu ilipotanda Antaktika, mpaka wa Pasifiki ulishuka kwa zaidi ya kilomita moja.

Kwa nini basi Stakishari? Hata magamba yanayosalimika kilindini mara nyingi huwa yameota fuwele mpya, nazo hupotosha vipimo vya joto la bahari ya kale vinavyotokana na kemia ya magamba hayo. Udongo wa Kilwa na Lindi haupitishi maji kwa urahisi, hivyo magamba yake yangali angavu kama kioo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliyatumia kuonyesha kwamba bahari ya tropiki ya Eosini (enzi ya miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita) ilikuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32 au zaidi, ilhali vipimo vya awali viliionyesha kuwa baridi mno. Kwamba hoja nzito hivyo ilitatuliwa kwa udongo wa kusini kwetu ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa Lindi angestahili kuelezwa papo hapo korongoni.

Kasoro ni moja, nayo si ndogo: kundi zima lilitumia lenzi moja ya mkononi, isiyotosha kuyaona magamba vizuri. Udongo uliokwisha kulowekwa na kuchujwa, pamoja na darubini ya kawaida, ungeikamilisha huduma hii. Anayekusudia kwenda achague kiangazi, kwani wakati wa masika udongo huo huo huifanya njia iteleze vibaya.