Sanxingdui: Je, Makumbusho Haya Yanastahili Safari?

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninachambua ziara ya Sanxingdui, mji wa kale ulioko Guanghan katika jimbo la Sichuan nchini China, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mwa Chengdu. Nitangulie kusema kwamba anayekwenda huko akitarajia kutembea katikati ya magofu marefu atarudi amenuna, kwa sababu kuta za mji ule zilikuwa za udongo ulioshindiliwa na zilizosalia zinaonekana kama matuta tu. Utajiri wote umo ndani ya jengo jipya la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2023.

Na utajiri wenyewe si haba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mkulima mmoja alikuta vifaa vya jedi, jiwe la thamani la kijani, alipokuwa akichimba mfereji, lakini habari zilivuma kweli mwaka 1986, vibarua wa kiwanda cha matofali walipofukua shimo la kwanza lililojaa vitu vilivyofukiwa zamani, na muda mfupi baadaye likaonekana la pili. Humo zilitoka pembe za ndovu, sanamu ya mtu aliyesimama ambayo pamoja na kitako chake ina kimo cha mita 2.62, mti wa shaba nyeusi unaokaribia mita 4, na vinyago vyenye mboni zilizochomoza mbele ya uso. Vinyago vya namna hiyo huvioni katika miji ya nasaba ya Shang, iliyotawala bonde la Mto Manjano wakati uleule.

Lawama yangu ni moja. Vitu hivi vilivunjwa na vingi vikachomwa moto kabla ya kufukiwa, yapata miaka 3,000 iliyopita, ila katika kumbi kuu vimeungwa na kumulikwa kwa ustadi kiasi kwamba uharibifu ule, ambao kwangu ndio kiini cha habari yote, hauonekani. Kwa hiyo anzeni na ukumbi wa ukarabati, ambako mafundi huonekana kupitia kioo wakiunganisha vipande. Mashimo mengine 6 yalianza kugunduliwa mwishoni mwa mwaka 2019, na mwaka 2022 kipande kilichotoka shimo la 8 kiliungana barabara na kipande cha shimo la 2 kilichofukuliwa miaka 36 kabla. Ni ushahidi mzito kwamba mashimo hayo mawili yalijazwa kwa tukio moja.

Sisi watu wa pwani tusiyapite haraka makombe ya kauri, yaani simbi za baharini: yalizikwa pamoja na shaba, na watafiti wengi huyahusisha na Bahari ya Hindi, ingawa Guanghan iko mbali mno na bahari yoyote.

Kateni tiketi mapema kwa pasipoti, kisha pandeni treni kutoka Chengdu. Ninaipendekeza ziara hii bila kusita, isipokuwa kwa anayetaka kuona machimbo yenyewe kwa karibu. Huyo aende Jinsha, ndani ya Chengdu, eneo lililogunduliwa mwaka 2001, ambako mashimo yameachwa wazi chini ya paa na sanaa ya Sanxingdui inaonekana ikiendelea.