"Kapime masikio, mzee": uzoefu wangu na monita za masikioni za milioni mbili na nusu

Nianze na yule kijana wa dukani, maana nikianza na sauti nitasahau hasira yangu, na bado sitaki kuisahau.

"Kapime masikio, mzee." Hayo ndiyo maneno yake. Hakuniamkia, hakuinua macho kutoka kwenye simu, hakuzivaa, hakuzichomeka popote. Nilikuwa nimemweleza taratibu kwamba monita zangu, vile vidude vya kuziba masikio na kusikilizia muziki, upande wa kulia umefifia, akanijibu hivyo, na vijana wawili waliokuja kuangalia spika wakaangua kicheko. Nina miaka 53. Nimekuwa fundi mitambo wa bendi kwa zaidi ya miaka ishirini: harusi, sendofu, kumbi za Kinondoni mpaka Temeke, kuanzia saa tatu usiku hadi kunakucha. Kazi yangu ni kusikia. Gitaa likilegea waya mmoja kwa joto la ukumbi, nami nipo huku nyuma kwenye miksa, najua ni waya upi. Mtu akiniambia nikapime masikio mbele za watu hajanitania. Ametia mchanga kitumbua changu.

Jina la duka nalihifadhi, na chapa ya monita zenyewe nayo naihifadhi. Anayetaka kujua zina vispika vingapi ndani na namba zake zote, atazikuta kwenye boksi. Mimi naeleza nilichosikia na nilichotendewa.

Nilizinunua kwa sababu ya woga. Miaka ya karibuni nikitoka ukumbini saa kumi alfajiri, nalala nikisikia nyenje, na nje hakuna nyenje hata mmoja. Wanalia ndani ya kichwa. Wenzangu wa kazi hii wanaelewa inavyokuwa: dramu zinapiga, mwimbaji anaonyesha kidole juu, unamwongezea, mpiga kinanda hajisikii tena, naye unamwongezea, mpaka kila mmoja amempandia mwenzake kichwani, na wanaolipa ni masikio. Monita za masikioni zilizaliwa na tatizo hilohilo. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi mitambo mwenzetu wa Marekani, alimtengenezea mpiga dramu Alex Van Halen kitu cha kuziba sikio na papo hapo kumpa sauti safi ndani, kwa kuwa kelele za jukwaani zilikuwa zimewashinda. Nilipolisoma hilo niliona limeandikwa kwa ajili yangu. Na vile vispika vidogo vinavyotumika humo, vidogo kama punje za mchele, chimbuko lake ni vifaa vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri. Hilo nitalirudia.

Hela ilitoka kwenye mchezo wetu wa wanamuziki, zamu yangu ilipofika. Mke wangu alitaka bati za chumba cha uani. Nikamwomba anisubiri, akanisubiri. Kwa hiyo hizi si monita tu. Ni bati za watu.

Siku ya kwanza niliona nimetapeliwa. Besi hakuna kabisa, sauti nyembamba kama redio ya jirani inayosikika kupitia ukuta. Kumbe ni vipira, vile vya kwenye ncha vinavyoingia tundu la sikio. Sikio langu la kushoto linataka kipira kidogo, la kulia linataka cha kati, na ukiacha upenyo hata wa unywele besi yote inatoroka. Dukani hakuna aliyeniambia. Nilihangaika jioni nzima: navuta sikio juu, nafungua mdomo, nasukuma, natoa, nabadilisha kipira, narudia. Halafu ikakaa. Ukimya ukashuka, feni nikaiona inazunguka bila mlio, na gitaa la besi likaingia.

Nikaweka dansi la zamani, zile nyimbo zilizorekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumbani. Nyimbo hizo nimekua nazo. Nilidhani nazijua. Sikuwahi kujua kwamba wapuliza tarumbeta wanavuta pumzi kwa pamoja kabla hawajaingia, na pumzi ile imo kwenye rekodi miaka yote hii. Gitaa la rithimu ambalo maisha yangu yote nililihesabu moja, kumbe ni mawili yanapokezana, hili likiacha nafasi lile linaiziba, yamesokotana kama ukili. Kuna mahali mwimbaji anarudi nyuma hatua moja kabla ya kupaza, asiiumize maiki, na unaisikia hatua yenyewe, unakisikia chumba kinapanuka nyuma yake. Mtu yule alijua kazi yake. Nilisimamisha, nikarudisha, nikasikiliza mara nne. Mke wangu akaja kuuliza kama kuna msiba.

Kwenye taarabu ndiyo kabisa. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, hupigwa kwa vidole vya shahada vilivyovikwa pete zenye ncha, na kwenye spika za ukumbini unasikia tu sauti ya kumiminika. Humu nilisikia ncha inagusa waya kwanza, kisha sauti inazaliwa. Vitu viwili. Udi nao ukawa na tumbo, mbao inayoitikia ndani. Fidla zikikaa nne nilizihesabu nne. Ningekuwa na milioni mbili na nusu nyingine usiku ule ningezitoa bila kufikiri.

Sasa sikilizeni jinsi zilivyonigeuka. Rekodi nyingi za zamani hazina kushoto wala kulia. Sauti ni moja, inakwenda pande zote mbili sawasawa, na kwenye monita nzuri mwimbaji anasimama katikati, pale kati ya nyusi. Ndivyo nilivyogundua. Usiku mmoja wa masika nilikuwa nasikiliza sahani ya Siti binti Saad, bibi wa taarabu wa Zanzibar, mojawapo ya zile alizosafiri hadi Bombay kuzirekodi mwaka 1928, na bibi akahama. Akasogea kushoto, kidogo tu, upana wa kidole. Nikadhani ni sahani. Nikaweka wimbo mwingine, mwimbaji mwingine, naye yuko kushoto. Usiku wa tatu alikuwa ameshafika sikioni.

Sikuzifikiria monita. Nililifikiria sikio. La kulia ndilo lililoelekea spika za pembeni ya jukwaa miaka yote hii. Nililala chali nikisugua vidole viwili karibu na sikio hili, kisha lile, nikilinganisha, hili, lile, mpaka adhana ya alfajiri. Niliwaza vile vispika vya punje ya mchele na kule vilikotoka, nikajiona ndiko naelekea mimi. Fundi mitambo kiziwi. Ya bati ningemweleza nini mama watoto?

Asubuhi nikachukua iafoni za mwanangu, zile za elfu tano za kununua kituoni, nikaweka sahani ileile. Bibi akarudi katikati. Nikakaa chini.

Kwa hiyo nilipoingia dukani nilikuwa nimeshajipima. Nilikwenda na risiti, na boksi, na maelezo yaliyonyooka. Na jibu ndilo lile nililoanza nalo. Nilipomwambia nimelinganisha, akazishika kwa ncha za vidole, na karatasi ya tishu katikati, kama anashika panya, akasema zimeingia maji, waranti haihusiki na maji, zitapelekwa nje, laki nne na nusu, miezi miwili labda na zaidi. Yote hayo bila kuzichomeka hata kwenye simu yake iliyokuwa mkononi! Kuna jaribio ambalo hata anayejifunza kazi wiki ya kwanza analijua: chomoa nyaya, wa kushoto uhamishie kulia, wa kulia kushoto. Ubovu ukihama, waya ndio mgonjwa. Ukibaki palepale, mgonjwa ni kidude chenyewe. Dakika moja. Nikamwomba alifanye. Akasema hawaruhusiwi kuchomoa. Waya uliotengenezwa uchomoke! Nikamuuliza mwenye duka yuko wapi, akasema kasafiri. Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwenye duka la mtu.

Mimi nami nilikuwa na uwezo wa kuhamisha nyaya mwenyewe, najua. Niliogopa. Nilipoziona zile pini, nyembamba kama sindano, mkono ulitetemeka.

Mpwa wangu ni fundi simu Kariakoo. "Shikamoo mjomba, hebu lete." Akahamisha nyaya: ubovu ukabaki kulia. Akaweka kidude chini ya hadubini yake ya kuchomelea, akatazama, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, ya adabu, wateja wake wasisikie, "Mjomba, njoo uone mwenyewe." Nikatazama. Pale mdomoni, kwenye kichujio cha waya uliosukwa, kulikuwa na utando wa nta ya sikio uliolowa jasho na kuganda. Basi. Akakigeuza mdomo uelekee chini, ili taka zidondoke nje zisiingie ndani, akapitisha brashi laini, akafuta, akapitisha tena. Haikufika robo saa. Nikavaa, nikaweka sahani, na Siti binti Saad akarudi kati ya nyusi zangu, amesimama imara, na makwaruzo yake yote. Mpwa alikataa hela.

Sasa niseme ukweli hata kama unanipunguzia. Nta ilikuwa yangu. Monita hazikuwa mbovu. Nilikuwa nimeshaandika humu kwamba kitu cha milioni mbili na nusu kimekufa kabla ya mwaka, na sentensi hiyo nimeifuta kwa sababu si kweli. Kijana naye, nikimtendea haki, hakuwa mbali: kulikuwa na unyevu. Lakini kadiri ninavyomtendea haki ndivyo ninavyochemka upya. Laki nne na nusu kwa nta! Ama hakujua, na amewekwa auze vitu asivyovijua kwa bei ya pikipiki, ama alijua. Na kwa nini siku ya kununua hakuna aliyeniambia kwamba kwa joto letu hili la Dar es Salaam zifutwe kila zikivuliwa, na zisifungiwe kwenye kijaluba zikiwa na jasho? Ndani ya boksi kulikuwa na kibrashi kidogo kama njiti ya kiberiti bila neno hata moja la maelezo. Nilidhani ni cha kufutia vumbi nje.

Na sauti, ninaporudi kuisikiliza nikiwa na hasira, ina kasoro ambazo mwezi wa kwanza mapenzi yalizificha. Herufi zetu "s" na "sh" zinachoma. Mwimbaji wa kike mwenye sauti kali akiimba shubiri na shaka na mashaka, kila "sh" ni pini. Sahani za zamani makwaruzo yake yanakuwa mvua ya mawe, siwezi kuzipita mbili mfululizo. Singeli sitii humo kabisa, nachoka dakika ya tatu. Nikizichomeka kwenye tundu la kusikilizia la miksa yetu ya zamani nasikia mvumo wa miksa yenyewe hata kabla bendi haijapiga, kwa sababu vispika hivi ni vyepesi mno kuamka. Na vijana wanaotaka besi ya kutikisa kifua watarudisha siku hiyohiyo, wakikubaliwa kurudisha.

Kubwa kuliko yote ni upweke. Kwenye harusi ya kwanza nilizivaa toka mwanzo, nikachanganya muziki mzuri kuliko wowote niliowahi kuuchanganya, kwa sauti ya chini, masikio yamepumzika. Na vigelegele nilivisikia kama viko mtaa wa pili. Taarabu haiendi hivyo. Wanawake wakianza kuinuka kwenda kutunza, fundi anatakiwa ajue kwa sikio, kabla ya jicho, ili amwinue mwimbaji kidogo na kanuni airudishe nyuma. Nilichelewa mara mbili, na mwimbaji aliniangalia. Ukivua upande mmoja ndiyo hatari zaidi, maana sikio lililobaki unaliongezea sauti bila kujijua. Dawa niliyoipata ni kuweka maiki moja ikitazama watu, naileta masikioni kidogo sana, kama chumvi. Tangu hapo nasikia ukumbi, na dramu haziniui. Usiku ninaporudi nyumbani nyenje bado wapo, ila wamekaa mbali kidogo, na wiki iliyopita kuna usiku mmoja hawakuja.

Nilikusudia kuandika msinunue. Nimefika hapa na siwezi kuliandika neno hilo. Mwenye kazi ya masikio na mwenye hela ya kupoteza anunue, ila akanunue kwa watu wanaoamkia. Hapana, kwanza asubiri, kama ana bati za kununua, zianze bati. Mimi nilikosea mpangilio huo, na mvua ya juzi imenikumbusha. Lakini ukiniuliza kama naziuza, siziuzi.

Vichujio vya akiba, kwa hapa mjini, nimeviona kwenye duka lile tu. Sikwenda. Mpwa ndiye aliyekwenda kuninunulia, akarudi na viwili kwa elfu thelathini, nikamuuliza kama kijana yule yupo bado. Yupo. "Hata mimi hakunisalimia, mjomba." Jumamosi tuna sendofu Mbagala, nimeshavifunga vyote kwenye begi, pamoja na kitambaa cha kufutia.