Chati ya rada iliniumbua mbele ya kikao

Nilikuwa naipenda hii chati. Naanza na hilo ili msije mkadhani nimekuja na chuki zangu. Naisema ile inayofanana na utando wa buibui: kila sifa ina mhimili wake unaotoka katikati, unaweka alama, unaunganisha nukta, unapata umbo. Ukiitupia kwenye projekta watu wanaacha simu. Chati ya nguzo haijawahi kunipa heshima hiyo.

Basi, kipindi fulani, si cha mbali sana, tulitakiwa kuchagua printa kati ya mbili, na kazi ya kuzilinganisha nikapewa mimi. Sifa zilikuwa sita, kila moja alama 0 hadi 10: kasi, ubora wa chapa, uimara, unafuu wa wino, ukimya, wepesi wa kutumia. Printa ya kwanza ilipata 9 kwenye zile tatu za mwanzo, ikaangukia 3 kwenye tatu za mwisho. Ya pili haina makuu, ilikuwa 6, 6, 6 mpaka mwisho. Nikachora. Ya kwanza, niliyoipaka bluu, ikafura upande mmoja kama shavu lenye jino bovu, na mtu yeyote mwenye macho angesema ni kubwa kuliko ile ya rangi ya chungwa. Nikasimama nikatamka, kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Kama mnavyoona, bluu imeshinda."

Sasa kuna kijana mmoja wa uhasibu. Hakunyoosha hata mkono. Alikuja moja kwa moja mbele, "Dada, samahani, naomba kipanya." Kwenye jedwali la alama akavuta safu ya wino akaiweka baada ya kasi. Akavuta ya ukimya akaipachika baada ya ubora. Basi. Hakugusa namba hata moja. Bluu ikanywea palepale, ikawa nyota ya ncha tatu iliyokondeana, na chungwa ikaonekana imeshiba kuliko bluu. Bosi akauliza, "Kwa hiyo mashine imekonda kwa kuhamishwa safu tu?" Chumba kizima kicheko. Kijana akarudi kwenye kiti chake bila kunitazama. Kucheka ningesamehe, lakini huko kutotazamwa ndiko kulikonikaa rohoni.

Usiku ule usingizi haukuja, nikakaa na kalamu. Kumbe eneo la lile umbo linatokana na kuzidisha alama ya kila sifa kwa alama ya jirani yake, kisha kujumlisha yote. (Kuna namba ya pembe inayozidishwa mwishoni, lakini ni ileile kwa printa zote, iacheni.) Nilivyopanga mimi: 81, 81, 27, 9, 9, 27, jumla 234. Alivyopanga yeye: 27 mara sita, yaani 162. Ya chungwa ni 36 mara sita, 216, upange utakavyo. Na ukizijumlisha alama zenyewe kavukavu, printa ya kwanza 36, ya pili 36. Sare! Nilikuwa nimetangaza mshindi wa mechi ya sare, tena kwa sauti.

Sifa sita unaweza kuzipanga kuzunguka duara kwa namna 60 zilizo tofauti kweli, yaani nimeshatoa zile za kulizungusha au kulipindua tu. Programu haikuulizi unataka ipi. Inachukua mpangilio ulioandika wewe bila kufikiri, halafu jicho la msomaji linapima unene. Na unene wenyewe unadanganya: aliyepata alama mara mbili ya mwenzake kwenye kila sifa, umbo lake linakuwa kubwa mara nne. Mtakwimu Mjerumani Georg von Mayr alishaitumia chati ya namna hii mwaka 1877. Karibu miaka 150 hiyo, na mimi nimekuja kuambiwa na mhasibu.

Nilikuja hapa kuipa chati hii nyota moja kati ya tano. Lakini haki yake niipe: nilipoitumia kwa printa moja tu, hali yake ya mwanzo na hali yake baada ya muda, mpangilio uleule, skeli ileile, ilinionyesha kwa kupepesa jicho mara moja kwamba uimara na ukimya ndivyo vilivyobonyea. Hapo hakuna anayeshindana, unatafuta tu penye kishimo. Kwa hilo nyota tatu. Labda hata nne.

Hapana, tatu. Kwa sababu tulipoongeza printa ya tatu, rangi ya kujaza ikafunika zote zilizo nyuma yake, na mwenzangu aliyenisaidia kujaza namba akaweka kelele mahali pa ukimya, ikawa mashine inayounguruma zaidi ndiyo inayotanuka kama bingwa. Nimekaa nusu saa naishangaa. Mbili. Andikeni mbili.

Siku hizi nachora nukta kwenye mistari iliyonyooka: kila sifa na mstari wake, bluu hapa, chungwa pale, umbali unaousoma ndio umbali wenyewe. Juzi nimeipeleka hiyo kikaoni, safi kabisa, hata yule kijana wa uhasibu akatikisa kichwa kukubali. Bosi akaitazama kidogo, akaitazama tena. "Ile ya buibui iko wapi? Hii mbona imepooza?"

Nikafungua kompyuta nikaanza kumchorea. Ila safari hii nilimuuliza kwanza anataka ishinde ipi, naye akadhani namtania.