Bastola ipi ununue: ninavyozipanga chapa kwa kuaminika

Mtu akija kuniuliza anunue bastola gani, huanza na bei, kisha idadi ya risasi, kisha nchi ilikotengenezwa. Mimi humrudisha kwenye maswali mawili. Ukiifyatua, italia kila mara? Usipoifyatua, itanyamaza kila mara, hata ikidondoka sakafuni? Swali la kwanza kila mtu analikumbuka. La pili ndilo linaloumiza watu majumbani, na kwangu mimi chapa inayoteleza hapo haipandi juu hata kama shabaha yake haikosei.

Naandika kwa mwenye kibali au anayekifuatilia. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali kinatangulia silaha: maombi yanaanzia serikali ya mtaa, yanapita kamati za ulinzi na usalama, ndipo yanafika polisi. Usimlipe muuzaji kabla hujakishika mkononi. Nazungumzia bastola za risasi ya milimita 9 kwa 19 (unene wa risasi kwa urefu wa ganda lake), iitwayo Parabellum, isipokuwa moja ambayo nitaitaja kwa sababu imezagaa kwetu.

1. Glock 19

Gaston Glock, Mwaustria, alikuwa akitengeneza visu vya jeshi na fimbo za mapazia. Hakuwahi kuunda bastola kabla ya Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982. Nadhani ndiyo maana hakuiga mtu: bodi, yaani fremu yenye mpini, ya plastiki ngumu, vipande thelathini na kitu tu, hakuna nyundo ya nje (kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ilipuke), hakuna kitufe cha usalama cha kusahau. Glock 19 ilifuata mwaka 1988, fupi kidogo, magazini, yaani kibweta cha risasi kinachoingia mpinini, ya risasi 15, uzito kama gramu 600 ikiwa tupu. Kwa mtu anayeivaa kutwa nzima chini ya shati, uzito huo ni tofauti ya kuivaa na kuiacha kwenye gari, na bastola iliyoachwa kwenye gari ni ya mwizi.

Anayeishi Dar, Tanga au Mombasa ana sababu nyingine. Hewa ya chumvi na jasho la kiunoni vinakula chuma usiku na mchana, na chuma cha slaidi ya Glock, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ikilia, kimetibiwa usoni kwa namna inayokataa kutu. Nimefungua Glock za watu wasiojua mafuta ni nini, zimejaa vumbi na nyuzi za nguo, na zikalia.

Haikukosa kasoro. Kizazi chake cha nne kilipotoka, springi za kurudishia slaidi zilileta shida, na mwaka 2011 kiwanda kikaanza kuwabadilishia wateja. Hilo kwangu ni pointi ya kuiongezea, maana kiwanda kinachokiri na kurekebisha ndicho ninachokitaka nyuma yangu.

Lakini usikilize hili vizuri. Ili kuifungua Glock kwa usafi, lazima ubonyeze traiga, yaani kifyatulio. Kuna watu wamejipiga mkono mezani kwao kwa sababu walitoa magazini wakadhani wamemaliza, kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kulia. Toa magazini kwanza. Vuta slaidi nyuma, ishike hapo, tazama chemba, halafu ingiza kidole kidogo uiguse ikiwa tupu, kwa sababu jicho likichoka linaona linachotaka kuona. Ielekeze mahali salama, ndipo ubonyeze. Na kwa kuwa usalama wake wa nje uko kwenye traiga yenyewe, Glock haichomekwi kiunoni bila holsta (ala ya bastola) ngumu inayofunika traiga yote. Haitupwi kwenye mkoba pamoja na funguo. Asiyeweza kujifunga na masharti hayo aruke moja kwa moja hadi namba mbili.

2. CZ, yaani Ceska

Kenya, neno Ceska karibu ligeuke kuwa jina la bastola yoyote. Kiwanda kiko Uherský Brod, nchini Ucheki, tangu 1936, na iliyokipa jina duniani ni CZ 75 iliyochorwa na František Koucký. Ukiitazama kwa karibu utaona slaidi yake inapita ndani ya bodi, wakati nyingi nyingine slaidi hukumbatia bodi kwa nje. Ni chuma kitupu, uzito wa kilo moja, na inapolia inatulia mkononi. Mwanafunzi wangu anayepapatika na bastola nyepesi nikimpa CZ 75 kundi la matundu yake kwenye karatasi linabana mara moja.

Ninachoipendea zaidi ni traiga. Risasi ya kwanza inahitaji mvuto mrefu na mzito, nyundo inajiinua ikionekana kwa macho. Kidole hakiwezi kufanya kosa kwa bahati mbaya kirahisi. Risasi zinazofuata ni nyepesi. Mwenye nyumba yenye watoto, aliyeamua kuweka silaha kwenye sefu ya chuma na kuitoa usiku mkono unatetemeka, huyu ndiye ninayemshauri Ceska kabla ya Glock.

Ila chagua toleo. CZ 75 B ya kawaida haina kitu cha kushusha nyundo. Ukitaka kuishusha risasi ikiwa chemba, unafanya kwa dole gumba, na dole lenye jasho linateleza. Chukua 75 BD, yenye kitufe cha kushushia nyundo, au P-07, ya mwaka 2009, yenye bodi ya plastiki na risasi 15. P-07 inakuja na vipande vya kubadilisha: unaweza kuifanya ya kushusha nyundo au ya kufunga usalama. Mimi ningeiacha kwenye kushusha nyundo.

Udhaifu wake ni kutu. Rangi nyeusi ya 75 ikichubuka, pwani inaingia. Fungua skrubu za mpini, tazama chini ya vibao, hapo ndipo inapoanzia na hapo ndipo muuzaji wa mtumba hategemei utatazama.

3. Beretta 92FS

Beretta ni jina la Gardone, Italia, tangu mwaka 1526. Bastola yake hii ilishinda mashindano ya jeshi la Marekani, ikawa M9, bastola rasmi ya jeshi hilo, mwaka 1985. Miaka ya themanini slaidi kadhaa zilivunjika zikarusha vipande nyuma kwa mpigaji. Kiwanda kikaweka kizuizi kinachoshika slaidi isitoke, na hiyo herufi S ya mwisho inatokana na rekebisho hilo. Mtumba usio na alama ya FS nauacha.

Slaidi yake iko wazi juu, ganda lina nafasi kubwa ya kutokea, ndiyo maana hukwama kwa nadra. Ndani ya mtutu kuna kromu, na pwani hiyo ni faida ya kweli. Tatizo ni ukubwa. Mwanamke au mwanaume mwenye kiganja kidogo hafikii traiga vizuri kwenye mvuto wa kwanza, na ni karibu kilo moja. Ya kulinda duka au ofisi, sawa. Ya kuvaa, hapana.

4. Walther, Heckler & Koch, na SIG Sauer ya zamani

Za Wajerumani hao wawili sina la kulalamikia isipokuwa magazini na vipuri vyake kupatikana kwa shida kwetu. SIG P226 ilifika fainali na Beretta katika majaribio yale ya jeshi la Marekani, na ni bastola ya kufa nayo.

P320, ya SIG hiyohiyo, naitenga. Ndiyo iliyoirithi M9 mwaka 2017, na mwaka huohuo ikaonekana kwamba ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Kiwanda kilianzisha mpango wa kuzirekebisha bure. Kesi za watu wanaodai ilijifyatua bila kuguswa zimeendelea Marekani, na kiwanda kinakana. Sihukumu kesi. Nasema tu kwamba swali langu la pili halijajibiwa hadi nikaridhika, na kama unaikuta mtumba bila ushahidi wa rekebisho la 2017, iache hapohapo.

5. Canik

Ya Samsun, Uturuki, pwani ya Bahari Nyeusi. TP9 yake inatokana na mchoro wa Walther P99, na kwa pesa unayolipa unapata traiga nzuri ajabu, nyepesi na inayokatika safi. Wepesi huo ndio unaonifanya nisimpe anayeanza. Mwenye mazoezi, mfuko mdogo, aitazame kabla ya kutazama chapa kubwa.

6. Taurus

Wabrazili hawa wamebadilika, na G3 yao naweza kuikubali kwa bajeti ndogo. Lakini mwaka 2015 walikubali kuimaliza kesi Marekani iliyohusu aina tisa za bastola zao, zikiwemo PT 24/7 na PT 111 Millennium ya zamani, kwa madai kwamba zikidondoka zinaweza kulia. Hizo bado zinazunguka mikononi mwa watu. Bei yake itakuvutia. Usinunue.

Na Makarov

Hii siipangi kwa namba kwa sababu si ya Parabellum. Ya Kirusi, ya 1951, risasi nane, mtutu uliofungwa palepale, na inalia hata ikitoka mchangani. Hatari yake ni jina: risasi yake nayo huitwa ya milimita 9, ila ni 9 kwa 18, na ni nene kidogo kuliko ya Parabellum. Haziingiliani. Ukiirithi kutoka kwa mzee, hakikisha kibali chako kinasema hivyo na risasi unazonunua zinasema hivyo.

Kabla hujalipa

Kuna siku bastola yangu mwenyewe, ya chapa ninayoiamini, ilinikwamia mara tatu ndani ya dakika kumi. Ganda lilisimama wima mlangoni kama bomba la jiko. Nilisafisha, nikabadilisha risasi, ikakwama tena. Nilipochoka nikapanga magazini zangu mezani na kuzitazama moja baada ya nyingine kwenye mwanga. Moja ilikuwa ya kuiga, niliyouziwa kwa bei ya kutupa, na mdomo wake wa kushoto umepinda kiasi cha unene wa karatasi. Tangu siku hiyo kila magazini yangu ina namba kwa rangi ya kucha ya mke wangu, moja, mbili, tatu, na ikikwama naandika ni ipi.

Kwa hiyo hesabu ya kununua bastola iwe na magazini tatu za kiwandani ndani yake, na risasi 200 za kujaribia, za aina ileile utakayoibeba. Ukikosa pesa ya hizo, shuka chapa moja ubaki nazo. Kama ni mtumba, soma namba. Kwenye Glock iko sehemu tatu, bodi, slaidi na mtutu, na zote lazima zifanane na zilingane na karatasi za muuzaji. Zikitofautiana hata tarakimu moja, rudisha mezani. Uliza springi ya slaidi imebadilishwa lini. Muuzaji asiyejua hajawahi kuibadilisha, basi toa gharama yake kwenye bei. Kisha iombe ikiwa tupu, iangalie chemba mwenyewe hata kama yeye ameshaiangalia mbele yako, ishike kama utakavyoishika usiku, na uone kama kidole chako kinafika kwenye traiga bila mkono kuhama.